Fundi Aliyejipima Kifua: Maisha ya Melkiori Aloisi Kavishe

Tumefika hapa Kinondoni, leo Ijumaa tarehe 19 Juni 1998, kumsindikiza Melkiori Aloisi Kavishe, fundi cherehani wa Kariakoo. Anayesoma ni mimi Eliasi, kaka yake niliyemtangulia kwa miaka minne. Yaliyomo humu nimeyaona mwenyewe au nimeyasikia kutoka kinywani mwake, na pale nilipokosa mimi nimeandika kosa langu kwa mkono wangu. Mwanawe, Hillary, alitaka wasifu uishie ukurasa mmoja ili kila mtu apate nakala. Nilimjibu kwamba baba yake hakuwahi kuingiza mkasi kwenye kitambaa kabla ya kukipima chote. Basi mtanivumilia.

Melkiori alizaliwa Jumatatu tarehe 6 Januari 1930, kijijini Mashati, Rombo, mtoto wa pili wa mzee Aloisi Kavishe na mama Hyasinta. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya wale Wafalme Watatu, na padre aliyembatiza akampa jina la mmoja wao. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu, alipoweza tu kusimama, alianza kupima vitu kwa shubiri. Alipima benchi, alipima mbuzi, akapima mguu wa baba akiwa amelala. Siku moja baba aliamka akamkuta yuko gotini, akamuuliza anatafuta nini. Akajibu, "Nataka kujua umebaki kiasi gani." Nyumba nzima ilicheka. Sisi wengine tulipimwa na yeye maisha yetu yote, na hatukumuuliza tena.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1939 hadi 1943, madarasa manne. Aliongoza darasa kwa hesabu na kwa mwandiko. Mimi mkubwa sikwenda, kwa sababu ng'ombe walihitaji mtu na baba aliamua mtu huyo ni mimi. Nayataja haya kwa kuwa yana maana mbele ya safari.

Mwezi Machi 1951 alinifuata Dar es Salaam kwa lori, siku mbili njiani, akafikia chumbani kwangu Mtaa wa Swahili. Mimi nilikuwa nimekwisha jifunza cherehani. Nilimfundisha kukata na kushona, naye akanifundisha kusoma, na kitabu chetu kilikuwa daftari lake la vipimo. Alisimama akipima, akataja, nami nikaandika. K ilikuwa kifua, M ilikuwa mkono, B ilikuwa bega. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano nilipoweza kuandika jina langu, na nililiandika pembeni mwa kiuno cha karani mmoja wa Posta. Magazeti niliyosoma baadaye, vitabu nilivyosoma, hata karatasi hii, vyote vilianzia kwenye lile daftari.

Mwaka 1954 mzee Devendra, mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Uhuru, alitupa nafasi barazani kwake, cherehani mbili, ya Melkiori upande wa mlango na yangu upande wa nguzo. Vijana wa leo hawajui mpango ule. Mteja aliingia ndani, akachagua kitambaa, akatoka nacho barazani, fundi akampima palepale mbele ya kitambaa chake. Hapakuwa na mkataba wa karatasi. Saa nne mke wa Devendra, mama Kamla, alituletea chai ya tangawizi, na Melkiori alimshonea binti yao Dipti sare za shule tangu darasa la kwanza mpaka alipomaliza kidato cha sita. Tulikaa hivyo miaka arobaini.

Marehemu aliacha madaftari thelathini na moja. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, na mtu aliyerudi baada ya miaka kumi alikikuta kiuno chake cha ujana kinamsubiri. Lakini hakumwonyesha mtu vipimo vya mwingine. Mwanamke mmoja wa Ilala, Zena, ambaye wengi hapa mnamjua kwa maneno yake, alikuja siku moja akitaka kujua mke mwenzake ana nyonga inchi ngapi. Melkiori alifunga daftari akaliweka chini, akalikalia. Akamwambia, "Dada, mwili wa mtu ameniazima kwa dakika mbili. Siwezi kuugawa." Zena alicheka, akaagiza gauni. Hivyo ndivyo alivyowatunzia watu wa mji huu siri za miili yao. Nawaomba mlikumbuke hilo tutakapofika kwenye siri ya mwili wake.

Alifunga ndoa na Theopista tarehe 4 Mei 1963. Theopista alikuja barazani na shangazi yake, Candida, kushona gauni la Pasaka. Melkiori kwa haya alikataa kumpima mwenyewe, akampa shangazi futi, yaani ule utepe wetu wa kupimia, yeye akageuka ukutani akiandika anachotajiwa. Gauni lilikosewa mkono. Likarudi, likakosewa tena. Mara ya tatu Theopista akauliza mbele za watu inakuwaje fundi anayesifiwa mtaa mzima anashindwa na mkono mmoja. Melkiori akamwambia, "Sijashindwa. Nilitaka urudi." Walijaliwa watoto wawili, Hillary mwaka 1965 na Caroline mwaka 1970.

Kisha ikaja ruksa, ule uhuru wa kuingiza bidhaa kutoka nje. Sitawadanganya kwamba kabla yake mambo yalikuwa mazuri. Kulikuwa na miaka ambayo duka la Devendra lilibaki na mbao tupu, na sisi tuligeuza kola za mashati zilizochakaa ili upande mzima ukae juu. Lakini mtu alikuwa bado anahitaji kupimwa. Ruksa ilifungua milango, marobota ya mitumba yakaingia, na ghafla watu wakavaa nguo zilizokatwa kwa mwili wa mtu wasiyemjua. Viwanda vya nguo vikafunga. Mwaka 1994 Devendra aliuza nyumba, na mnunuzi akaiziba baraza kwa vioo. Mzee Devendra hakutoka kutuambia. Alimtuma karani. Tulihamisha cherehani kwa mkokoteni hadi kwenye uchochoro karibu na Mtaa wa Msimbazi, tukawa mafundi wa kupunguza suruali za mitumba.

Hillary naye alikwenda kuuza mitumba Mchikichini. Nilimwambia mdogo wangu kwamba mtoto amekwenda kusimama upande wa waliotufukuza. Yeye alisema mtoto anakula, inatosha. Aliendelea kumpima kila mteja mwili mzima, hata aliyeleta suruali ya kukatwa pindo tu. Vijana wa uchochoroni walimcheka.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Nilishauriwa na watu wa heshima niandike kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, niishie hapo, kama inavyoandikwa siku hizi kwenye kila karatasi ya mazishi. Sikukubali. Maneno hayo yanaacha nafasi, na kwenye nafasi ile watu wamekwisha andika yao.

Mwezi Januari 1997 Melkiori alianza kukosa pumzi akipanda ngazi. Alikuwa akijipima kila mwaka mpya, desturi yake tangu ujanani, na mwaka ule aliona jambo. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi moja, mikono imepungua, lakini kifua kilikuwa kilekile, inchi thelathini na sita. Februari kiuno kilipungua tena na kifua kikaongezeka nusu inchi. Mtu hawezi kujizungushia futi mgongoni akapata kipimo cha kuaminika, anahitaji mkono wa pili. Alinijia kwenye cherehani yangu, akaniambia, "Kaka, hebu nipime. Naona upande wa kushoto unanizidi."

Sikunyanyuka. Nilikuwa nimesikia kikohozi chake wiki tatu mfululizo, na nilikuwa nimeona shingo yake ilivyobaki ndani ya kola. Nilimwambia, "Futi yako imezeeka, imevutika. Itupe." Vijana wakacheka, nikafurahi kwamba wamecheka.

Ndugu zangu, fundi yeyote anajua, na mimi nimekuwa fundi miaka hamsini, kwamba futi iliyovutika hupunguza namba. Inchi zake zimekuwa ndefu, kwa hiyo kifua cha thelathini na sita kitasomeka thelathini na tano. Haiwezi kukiongeza. Nililijua hilo wakati nasema. Naye alijua kwamba nalijua. Alikunja futi yake akarudi kukaa, na tangu siku hiyo alijipima peke yake, akibana ncha moja ya futi kwenye mlango wa kabati na kujizungusha mpaka akutane nayo.

Mwezi Mei alikwenda hospitali. Walimchoma sindano ubavuni, wakatoa maji yaliyozunguka pafu la kushoto, karibu lita mbili. Waliyaangalia haraka wakasema ni kifua kikuu, akaanza vidonge. Alivimeza miezi minane bila kukosa siku moja. Maji yalirudi. Yakatolewa, yakarudi tena.

Mnajua kilichofuata, kwa sababu wengi wenu mlikifanya. Mtaani walisema mzee amekanyaga miwaya, na katika miaka hii mwenye kukonda na kukohoa hana haja ya kuelezwa maana yake. Mafundi wenzake wakawa hawaazimi tena mkasi wake. Jumuiya yetu ya sala, inayozunguka nyumba kwa nyumba, iliruka nyumba yake Agosti, ikairuka Oktoba, na mimi ndiye niliyekuwa natangaza zamu. Mwezi Septemba yeye na Theopista walikwenda kupimwa damu kwa hiari yao, wazee wawili kwenye foleni ya vijana, na wote wawili walikutwa hawana virusi vya Ukimwi. Theopista aliileta karatasi kwangu. Alisema, "Shemeji, wewe unajua kusoma. Wasomee." Nilimwambia karatasi siku hizi zinapatikana popote. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyenipikia miaka thelathini na nne.

Mwezi Novemba, Caroline, aliyekuwa amekwisha chumbiwa na siku imekwisha pangwa, aliletewa ujumbe na baba mdogo wa yule kijana kwamba mambo yangoje kwanza. Hayakusemwa yangoje nini. Yalingoja baba afe, yaonekane mama atafuatia lini.

Na hata kama ungekuwa ndio ugonjwa huo, nawauliza, mtu hunyimwa mkono? Wapo hapa waliozika watoto wao kwa ugonjwa huo na wanajua ninachosema. Lakini haukuwa huo.

Mwezi Machi mwaka huu Dipti, binti wa Devendra, alirudi nchini akiwa daktari. Alitutafuta barazani akakuta vioo, akauliza mpaka akafika uchochoroni. Alimwamkia Melkiori shikamoo, akavuta kigoda akakaa. Melkiori hakumweleza kwamba anaumwa. Alimfungulia daftari. Miezi kumi na minne ya mwili wa mtu mmoja ilikuwa pale kwa mwandiko safi: kiuno kutoka inchi thelathini na tatu hadi ishirini na nane, na kifua kutoka thelathini na sita hadi thelathini na saba na nusu. Nusu ya kulia inchi kumi na nane, nusu ya kushoto kumi na tisa na nusu. Dipti alisoma ukurasa mzima akitembeza kidole. Kisha akauliza, "Haya umemwonyesha nani?"

Melkiori alisema, "Niliyetaka ayaone hakutaka."

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nafunga kifungo.

Dipti aliyatoa maji yale upya, na safari hii hakutafuta wadudu wa kifua kikuu tu. Aliyazungusha kwenye mashine mpaka chembe zake zikatuama, akaziangalia kwa darubini, kisha akapeleka vioo vya sampuli kwa mwalimu wake Bombay. Barua ilirudi tarehe 20 Mei. Alitukusanya nyumbani kwa Melkiori, Theopista, watoto na mimi, akatueleza kwa Kiswahili chake kile cha Mtaa wa Uhuru. Alisema hii ni kansa ya chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Kwa kawaida kansa ya namna hiyo hujifunga uvimbe shingoni au kwapani, mtu akaushika kwa mkono. Hii haina uvimbe. Inaota ndani ya maji yenyewe, pembeni mwa pafu, ndiyo maana picha zilionyesha maji tu na kila aliyeangalia akaona kile alichozoea kukiona. Ni adimu sana, huwapata wazee, na madaktari wenyewe bado hawajakubaliana waiite nini. Haiambukizi. Hailetwi na tabia ya mtu.

Hillary alimuuliza kama ingejulikana mapema. Dipti alisema hawezi kuahidi kilichopita, ila wako wazee walioandikwa vitabuni ambao walitolewa maji yote mapema na yakachelewa sana kurudi, wengine hayakurudi kabisa. Hakunitazama. Hakujua kwamba alipaswa kunitazama.

Melkiori alianza kupewa dawa ya mshipani, lakini moyo ulikuwa umechoka, ikabidi isimamishwe. Wiki zile za mwisho aliogeshwa na kubebwa na Hillary. Yule niliyemwita msaliti kwa sababu ya mitumba alifunga meza yake Mchikichini wiki nne, akalala sakafuni kando ya kitanda cha baba yake. Nimeyafuta niliyomsema, na nayafuta hapa mbele yenu.

Alhamisi tarehe 11 Juni, saa tano asubuhi, Melkiori aliniita. Alisema anataka suti ya kuzikwa, kijivu, yenye bitana, na ishonwe na mimi. Nilisema vipimo ninavyo, viko kwenye daftari. Akasema hapana, vile alijipima mwenyewe na kabati, havifai kukatia kitambaa. Hillary akamketisha ukingoni mwa kitanda. Nikachukua futi, ileile niliyosema imezeeka, nikapitisha mikono yangu chini ya makwapa yake. Ngozi ilikuwa na joto. Upande wa kushoto niliyahisi maji.

Alisema, "Umeninyima mkono huu mwaka mzima, kaka. Basi pima vizuri."

Nilitaja, naye akaandika. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa mwandishi. Kifua inchi thelathini na nane. Mwandiko wake haukutetemeka. Alipofika chini ya ukurasa aliniuliza itabidi nifanye nini na nusu ya kushoto, nikamwambia nitaikata pana, kila upande kwa kipimo chake. Akasema vizuri, maana hakutaka aonekane kavaa mtumba.

Nilimuuliza kama anataka arudishwe Mashati, azikwe kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, kama ilivyo kwetu. Alikataa. Alisema huko nako neno limekwisha fika, na afadhali alale karibu na watu aliowapima, ambao angalau anajua walivyo.

Melkiori alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne tarehe 16 Juni 1998, saa tisa alasiri, mke na watoto wake wakiwa karibu. Alikuwa na miaka sitini na minane, miezi mitano na siku kumi. Mliopita kumtazama leo asubuhi mliona koti limemkaa. Wapo walionong'ona kwamba kwa mtu aliyekonda vile fundi angebana kifua. Fundi hakukosea. Kile ndicho kifua alichokuwa nacho.

Ameacha mjane, Theopista, mtoto wa kiume, Hillary, na mkewe, mtoto wa kike, Caroline, wajukuu watatu, dada yetu Seraphina aliyeko Mashati, na mimi kaka yake. Ameacha cherehani moja inayofanya kazi, na madaftari thelathini na moja ambayo hayatafunguliwa kwa mtu yeyote isipokuwa mwenye ukurasa wake. Ukurasa mmoja nimeufungua leo, wa kwake mwenyewe, kwa ruhusa aliyonipa akiwa na akili timamu.

Tukimaliza kutupa udongo, kama desturi yetu ilivyo, tutapita mbele ya mfiwa kumpa mkono wa pole. Jana msibani nilihesabu watu kumi na mmoja waliomwinamia Theopista kwa mbali, mikono mfukoni. Wengine niko nao jumuiya moja. Leo amekaa pale mbele, Caroline yuko kulia kwake. Sitamwita mtu kwa jina. Nitatangulia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza kuurudisha mkono wangu, na nyuma yangu patakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kufuata.

Mdogo wangu, umepimwa kwa mara ya mwisho, na namba imesomwa kwa sauti mbele ya watu. Lala sasa, Melkiori, Mungu akupe pumzi uliyoikosa.